SAFARI YA DAWA: KUTOKA KIWANDANI HADI KAUNTA YA KEMISTI

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sisi tukiumwa huenda kwa daktari, tukaandikiwa karatasi, tukaipeleka kemisti, tukapewa bahasha ndogo iliyoandikwa "1 x 3", kisha tukaenda zetu. Ni wachache mno kati yetu wanaojiuliza: vidonge hivi vimetoka wapi? Vimepita mikononi mwa nani? Na huko njiani, ni nani aliyekuwa akivichunga?

Maswali hayo ndiyo yaliyonifanya niandike somo hili. Nimezungumza na mfamasia mmoja wa mjini na muuguzi mmoja wa zahanati ya mashambani, nikasoma niliyoweza kusoma, na sasa nawaletea nilichovuna. Sisemi juu ya zile tembe za kuumwa kichwa ambazo hata kwa duka la sukari na chumvi zinauzwa. Nasema juu ya dawa ambazo sheria inataka mgonjwa aandikiwe kwanza ndipo auziwe. Hizo ndizo zenye nguvu kubwa ya kuponya, na pia ndizo zenye nguvu ya kudhuru zikishikwa ovyo.

Ili tusitawanyike kama mbuzi wasio na mchungaji, tutafuata dawa mbili tu. Ya kwanza ni amoksilini, zile kapsuli za kuua bakteria ambazo wengi wetu tumewahi kuzimeza. Ya pili ni insulini, dawa ya sindano ya wagonjwa wa kisukari. Nimezichagua makusudi. Amoksilini ni mvumilivu. Ukiikinga na joto kali na unyevu itakaa muda mrefu. Insulini nayo ni kama yai: joto huiharibu, barafu huiharibu zaidi. Hoja yangu kuu naitoa mapema ili mnikosoe vizuri: dawa husafiri pamoja na habari zake. Habari hizo zikipotea, dawa yenyewe imepotea, hata kama iko mbele ya macho yako.

1. KIWANDANI

Dawa nyingi za kumeza huanza kama unga. Unga huo wenye nguvu ya kutibu, tuuite kiini cha dawa, kwa sehemu kubwa hutengenezwa katika viwanda vya India na China. Hata viwanda vya hapa Kenya huagiza kiini kutoka huko, kisha huchanganya, hupima, hujaza kapsuli au hugandamiza tembe, na kufunga. Nasi si maskini wa viwanda hivyo. Dawa Limited na Cosmos ziko Nairobi, Universal Corporation iko Kikuyu, na viko vingine. Mwaka 2011 Universal ilipata idhini ya Shirika la Afya Duniani kwa dawa moja ya UKIMWI, na mwaka 2022 ikapata nyingine kwa dawa ya kuwakinga mama wajawazito na malaria. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, dawa nyingi tunazotumia huja kutoka ng'ambo, India ikiongoza, na insulini tunaiagiza kutoka nje.

Sasa sikilizeni jambo muhimu. Kiwanda hakitengenezi kapsuli moja moja kama mama anavyokaanga mandazi. Hutengeneza fungu kubwa kwa wakati mmoja, kwa mashine zile zile na kwa unga ule ule. Fungu hilo watu wa kazi huliita bechi. Kila bechi hupewa nambari yake, na kiwanda hufungua kumbukumbu za bechi hiyo: nani alipima unga, mashine gani ilitumika, siku gani, na maabara ilipata matokeo gani. Baada ya hapo sampuli kidogo huwekwa kando na kuhifadhiwa, ili siku mzozo ukitokea, kiwanda kiwe na kitu cha kupima tena.

Nambari ya bechi huchapishwa juu ya katoni, juu ya pakiti, na hata juu ya ile karatasi ya fedha ya vidonge. Kando yake kuna tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa kutumika. Kwa lugha ya mtaani, nambari ya bechi ni kipande cha dawa. Mtu mzima asiye na kipande akikutana na askari usiku ana maneno mengi ya kueleza. Dawa nayo ni vivyo hivyo.

Lakini kabla dawa haijauzwa nchini, lazima isajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Bodi hii inatokana na Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1957. Bodi husoma maelezo ya mtengenezaji na huangalia kama kiwanda chake kinafuata kanuni za utengenezaji bora. Dawa isiyosajiliwa, hata ikisifiwa namna gani, haina ruhusa ya kukaa katika rafu ya kemisti.

2. MLANGONI MWA NCHI

Dawa ya kutoka ng'ambo ina mlango wa kuingilia. Kontena la amoksilini laweza kuja kwa meli hadi bandari ya Mombasa. Insulini, kwa sababu ya udhaifu wake, mara nyingi hupewa tikiti ya ndege. Yeyote anayeagiza dawa huhitaji kibali cha Bodi, na wakaguzi wa Bodi wako kwenye milango hiyo ya nchi. Wao hulinganisha karatasi na mzigo: jina la dawa, nguvu yake, idadi, nambari za bechi, tarehe za mwisho. Karatasi ikisema moja na katoni ikasema lingine, mzigo hautoki.

Hapa ndipo tofauti ya wasafiri wetu wawili inapoonekana. Amoksilini ikicheleweshwa bandarini kwa sababu ya ushuru au karatasi, mwenye mali atalia na gharama, lakini dawa yaweza kuvumilia ikiwa haikuachwa katika joto kali. Insulini haina subira hiyo. Kabla haijafunguliwa kwa matumizi, inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za selsiasi, kuanzia kiwandani hadi kwenye friji ya kemisti. Mpangilio huu wa friji, masanduku ya baridi na magari ya baridi yanayopokezana huitwa mnyororo wa baridi. Chanjo za watoto nazo hutumia mnyororo huo. Hata oksitosini, sindano inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, nayo huhitaji baridi hiyo.

Tatizo la mnyororo wa baridi ni kwamba ukikatika haulii. Chupa ya insulini iliyoganda barafu kisha ikayeyuka yaweza kuonekana safi kabisa, lakini haifai tena na lazima itupwe. Macho peke yake hayatoshi kuitambua. Kwa hiyo ndani ya sanduku huwekwa kifaa kidogo cha kuandika joto tangu safari ianze. Mpokeaji husoma kifaa hicho kabla ya kutia sahihi. Mnaona basi jinsi habari zinavyosafiri na dawa? Bila rekodi ya joto, mpokeaji anapokea kioo na maji, na tumaini tu.

3. KATIKA GODAUNI YA MUUZAJI WA JUMLA

Wengine husema wauzaji wa jumla ni watu wa kati wanaonenepa bure. Kwa kweli, ni kweli kwamba kila kiungo cha mnyororo huongeza chake juu ya bei: mwagizaji, muuzaji wa jumla, mwenye kemisti. Mwananchi ndiye hulipa jumla ya nyongeza hizo zote. Hata hivyo, hebu tupige hesabu kidogo kama ya darasani.

Tuseme kuna viwanda 30 na kemisti 1,000. Kama kila kemisti itaagiza moja kwa moja kutoka kwa kila kiwanda, tutakuwa na njia 30 x 1,000, yaani 30,000. Sasa tuweke muuzaji wa jumla mmoja katikati. Viwanda 30 vinamletea yeye, naye anazipelekea kemisti 1,000. Njia zimekuwa 30 + 1,000, yaani 1,030 tu. Ndiyo maana kemisti ndogo ya sokoni, inayotaka pakiti tano za dawa hii na mbili za ile, hupiga simu kwa muuzaji wa jumla asubuhi, na jioni mzigo umeteremshwa kutoka pikapu au hata bodaboda. Kiwanda hakingeweza kuhangaika na pakiti tano.

Godauni ya dawa si stoo ya mahindi. Muuzaji wa jumla lazima awe na leseni, na kazi isimamiwe na mfamasia. Mfamasia niliyezungumza naye alinieleza taratibu nyingi, nami nachagua nne. Kwanza, mzigo mpya hauchanganywi na ule wa zamani. Hukaa katika sehemu yake ya kungojea hadi ukaguliwe. Pili, katoni haziwekwi sakafuni wala hazibanwi na ukuta, bali hupangwa juu ya mbao ili hewa ipite na unyevu usipande. Tatu, joto la chumba na la friji husomwa na kuandikwa kila siku. Nne, dawa inayokaribia mwisho wake hutoka kwanza, hata kama iliingia jana. Hii ya nne inawachanganya watu. Si aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Ni yule ambaye siku zake zinakwisha.

Dawa zilizokwisha muda hutengwa mahali pake na kufungiwa, zikingoja kuharibiwa kwa utaratibu wa sheria. Nazo dawa kama mofini na pethidini, ambazo huondoa maumivu makali lakini zaweza kumfanya mtu mtumwa, hukaa katika kabati lenye kufuli na daftari la pekee. Kila kichupa kinachoingia au kutoka huandikwa.

Kisha kuna sharti moja ambalo nalihesabu kuwa uti wa mgongo wa biashara hii: muuzaji wa jumla anunue kwa mwenye leseni na auze kwa mwenye leseni. Ankara yake ionyeshe dawa gani, bechi gani, kiasi gani, kwa nani, na tarehe gani. Akinunua begi la dawa kutoka kwa mtu aliyekuja na gari usiku kwa bei ya kutupa, mnyororo wote ulio chini yake umechafuka.

4. NJIA TATU ZA KUFIKIA MGONJWA

Kutoka hapo safari hugawanyika. Nchini Kenya kuna njia kubwa tatu.

Njia ya kwanza ni ya biashara, ambayo tumekwisha kuiona: mwagizaji au kiwanda, muuzaji wa jumla, kemisti au hospitali ya kibinafsi.

Njia ya pili ni ya serikali. Hapa mhusika mkuu ni KEMSA, shirika lililoundwa mwaka 2000 na ambalo sheria ya mwaka 2013 ililifanya kuwa Mamlaka. KEMSA hununua dawa kwa wingi kwa njia ya zabuni, huziweka katika maghala yake Nairobi, kisha huzisafirisha hadi kwenye hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma. Kwa kuwa Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma nyingi za afya, tangu mwaka 2013 serikali za kaunti 47 ndizo zinazoagiza na kulipia dawa za vituo vyao.

Njia ya tatu ni ya makanisa. Mwaka 1986 Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiprotestanti yaliungana kuanzisha MEDS, shirika la kununua na kusambaza dawa kwa hospitali na zahanati za misheni. MEDS iko Nairobi na ina maabara yake ya kupima ubora. Msomaji anayetoka sehemu ambazo hospitali ya karibu ni ya misheni anajua umuhimu wa njia hii.

Kabla sijaendelea, kuna historia fupi itakayotusaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza kupeleka dawa mashambani kwa masanduku. Kila sanduku lilikuwa na dawa muhimu za aina na kiasi kilichopangwa Nairobi, na zahanati ililipokea likiwa limefungwa. Mpango huo ulikuwa na faida kubwa: dawa zilifika, na wizi wa njiani ulipungua kwa sababu sanduku lilikuwa na lakiri. Lakini ulikuwa na ila. Sanduku halikujua kwamba kando ya Ziwa Victoria kuna malaria nyingi kuliko kwenye baridi ya milimani. Zahanati moja ilibaki na dawa zinazooza, na nyingine ikakosa. Kwa hiyo baadaye mtindo ukabadilishwa: badala ya Nairobi kusukuma, zahanati ikaanza kuvuta. Kila kituo kinaagiza kinachohitaji.

5. HESABU INAYOAMUA NANI APATE DAWA

Kuvuta ni kuzuri, lakini kunataka hesabu, na hesabu hiyo hufanywa na muuguzi yule yule anayedunga watoto sindano na kuzalisha akina mama usiku. Tuifanye hapa pamoja naye, maana ni rahisi.

Tuseme zahanati inatumia kapsuli 2,000 za amoksilini kwa mwezi. Inaagiza kwa miezi 3. Juu ya hapo inataka akiba ya mwezi 1, kwa sababu lori laweza kuchelewa au mvua ikakata barabara. Mahitaji yote ni 2,000 x 4, yaani 8,000. Muuguzi anahesabu rafuni na kupata kapsuli 1,500. Basi ataagiza 8,000 kutoa 1,500, yaani 6,500.

Je, ile 2,000 ya mwanzo aliitoa wapi? Aliitoa kwenye kadi ya stoo, karatasi ngumu inayoning'inia kando ya kila dawa, ambayo huandikwa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kama kadi haikujazwa miezi miwili, muuguzi atakisia. Akikisia 1,000 kwa mwezi, ataagiza 1,000 x 4 kutoa 1,500, yaani 2,500 badala ya 6,500. Akijumlisha na 1,500 zake atakuwa na 4,000, nazo zitakwisha kwa miezi 2. Mwezi wote wa tatu rafu itakuwa tupu.

Rafu tupu maana yake nini? Amoksilini ndiyo dawa ya kwanza kwa mtoto mdogo mwenye nimonia ya kawaida. Kwa watoto wachanga hutolewa kama tembe inayoyeyuka majini. Mama amebeba mtoto anayehema haraka, ametembea kilomita nyingi, na anaambiwa: "Mama, dawa imekwisha, kanunue kemisti." Kama ana pesa ya nauli na ya dawa, ni heri. Kama hana, atarudi nyumbani kuchemsha majani na kungoja. Muuguzi alinieleza haya bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeyasema mara nyingi.

Nisimlaumu muuguzi peke yake, maana si kadi tu inayoleta ukosefu. Pesa nazo ni kiungo cha mnyororo. Kaunti ikichelewa kulipa, madeni hurundikana, na KEMSA ikikosa pesa haiwezi kumlipa mtengenezaji. Mtengenezaji naye haleti. Hivyo mtoto anaweza kukosa dawa kijijini kwa sababu ya hundi isiyotiwa sahihi ofisini. Mnyororo ni mmoja.

6. KWA NINI KARATASI HUOKOA MAISHA

Huenda msomaji mmoja anasema moyoni: huyu naye kazidi na karatasi zake! Nitajibu kwa visa viwili vya kweli, kimoja cha mbali na cha zamani, kingine cha hapa kwetu.

Mwaka 1937 kiwanda kimoja cha jimbo la Tennessee, Marekani, kilitaka kutengeneza dawa ya maji yenye ladha tamu kutokana na sulfanilamidi, dawa ya kuua bakteria iliyokuwa maarufu wakati huo. Kiliyeyusha unga wake katika dayethilini glaikoli, kemikali ambayo ni sumu. Sheria ya wakati ule haikulazimisha kiwanda kuthibitisha kwanza kwamba dawa ni salama. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Sasa angalieni jinsi mauaji hayo yalivyokatizwa. Wakaguzi wa serikali walichukua orodha za mauzo wakafuata chupa mji kwa mji, duka kwa duka. Kati ya galoni 240 zilizotengenezwa, walifaulu kuzipata karibu galoni 234. Galoni chache zilizobaki ndizo zilizoua watu wote hao. Je, kama kusingekuwa na orodha? Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilipitisha sheria ya kutaka dawa mpya ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa.

Msidhani kwamba mambo hayo yaliishia kwa babu zetu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto wengi nchini Gambia. Sumu iliyotajwa ilikuwa ile ile ya 1937 na ndugu yake.

Cha hapa kwetu ni cha mwaka 2011. Dawa bandia ya UKIMWI yenye jina Zidolam-N ilipatikana nchini Kenya, na tahadhari ikatolewa mwezi wa Septemba. Ilikuwa imewafikia hata wagonjwa wa kliniki za shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Baadhi ya tembe zilikuwa zimebadilika rangi na zinavunjika vunjika. Kilichosaidia ni nini? Ni nambari ya bechi. Kliniki ziliweza kuwaita wagonjwa warudishe dawa na kupewa nyingine. Mgonjwa wa UKIMWI anayemeza tembe zisizofaa hudhani anajikinga, kumbe virusi vinaongezeka mwilini na huenda vikazoea dawa.

Visa hivi vinafundisha kwamba mnyororo mzuri huenda pande mbili. Dawa nzuri hushuka kutoka kiwandani hadi kwa mgonjwa, na dawa mbaya ni lazima iweze kupandishwa kurudi ilikotoka. Mnyororo unaoweza kushusha tu bila kupandisha haujakamilika.

7. KWENYE KAUNTA, NA BAADA YA KAUNTA

Sasa tumefika kwa kemisti. Kemisti ya halali ina leseni ya mwaka huo na inasimamiwa na mfamasia au mtaalamu wa famasia aliyesajiliwa. Kazi yake si kuchukua pesa tu. Anasoma karatasi ya daktari, anaangalia kama kipimo kinamfaa mgonjwa wa umri huo, anauliza kama kuna dawa nyingine unayotumia au inayokudhuru, na anakueleza namna ya kutumia. Akikuuliza maswali, usikasirike ukasema, "Nipe tu zile za rangi mbili, nina haraka!" Yeye ndiye mlinzi wa mwisho aliyesomea kazi hii.

Lakini yeye si kiungo cha mwisho. Kiungo cha mwisho ni wewe na mimi. Tazameni mabweni yetu. Mwanafunzi anaandikiwa kapsuli za siku tano, anapata nafuu siku ya pili, na zilizobaki anazifunga kwa kipande cha karatasi ya daftari na kuzitia sandukuni. Baada ya muhula mmoja mwenzake anashikwa na koo, anapewa tatu. Kapsuli hizo hazina jina, hazina bechi, hazina tarehe ya mwisho, wala hakuna ajuaye zilipigwa na joto la kiasi gani. Safari ndefu ya maelfu ya kilomita, yenye vibali, friji na sahihi, imevunjwa na karatasi moja ya daftari. Tena bakteria waliochapwa nusu nusu hujifunza kuizoea dawa, na siku tutakapoihitaji kwa dhati itagoma kutusaidia.

Na ndugu yetu anayetumia insulini? Kichupa kilichofunguliwa kwa kawaida huweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, mahali pasipo na joto kali wala jua. Utafiti uliofanywa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini zilizopimwa zilihifadhi nguvu yake kwa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hiyo ni habari njema kwa nyumba zisizo na friji, ambako chungu cha udongo chenye unyevunyevu ndicho huipoza dawa. Lakini kila mgonjwa afuate maelezo ya dawa yake na ya mfamasia wake.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo matano, yasiyohitaji pesa. Moja, tununue dawa kwenye kemisti yenye leseni, si ndani ya matatu wala kwa mchuuzi wa sokoni. Mbili, tusome tarehe ya mwisho kabla ya kulipa. Tatu, tudai risiti na tuiache dawa katika pakiti yake yenye nambari ya bechi. Nne, tumalize dawa kama tulivyoagizwa, na tusigawiane. Tano, dawa ikibadilika rangi au ikatuletea mambo ya ajabu, tusiitupe kimya kimya. Tuirudishe kemisti pamoja na pakiti yake ili habari zipande juu.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

(a) Zahanati inatumia kapsuli 1,200 kwa mwezi, inaagiza kwa miezi 3 na kuweka akiba ya mwezi 1. Rafuni kuna 900. Iagize ngapi?

(b) Kusukuma na kuvuta: ni mtindo upi unaoifaa zahanati iliyo mbali na barabara ya lami? Toa sababu.

(c) "Watu wa kati huongeza bei tu." Jadili.

(d) Tutumie neno gani la Kiswahili mahali pa "bechi"? Wengine wamependekeza "fungu", wengine "mkupuo". Leteni hoja zenu mkutano ujao.

Swali la kwanza jibu lake ni 3,900. Ukipata tofauti, rudia hesabu, maana kule mashambani yuko mtoto anayeitegemea.